Karakana ya Nyumbani na Maji ya Jirani



Wiki iliyopita niligusia katika safu hii, kwa sentensi moja tu, kwamba banda langu la gari limegeuka kuwa karakana ya useremala, nikaahidi kurudi kwenye habari hiyo. Wasomaji kadhaa wamenikumbusha ahadi. Mmoja wao, mzazi mwenye vijana wawili waliomaliza mafunzo ya ufundi, ameuliza kipi kitangulie, mashine au jengo. Jibu langu ni fupi, ingawa lilinigharimu misimu miwili ya mvua kulijua: yanatangulia maji. Namwomba subira nieleze.

Sisi tunaishi juu kidogo ya mji wa Lushoto, upande wa barabara iendayo Magamba. Aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwa zile kona za Soni anaijua ardhi yetu ilivyo. Kwetu kiwanja hakipatikani mpaka ukichonge. Mtu hukata mlima upande wa juu, udongo akaujaza upande wa chini, akapata mahali pa kuweka nyumba. Kwa hiyo jirani wa mlimani hakai ubavuni mwako kama jirani wa Tanga mjini. Anakaa juu ya paa lako, au anakaa chini ya msingi wako, na kila kinachotoka kwako, kiwe maji, vumbi, moshi au maneno, kina njia ya kuteremka hadi kwake.

Nilipokuwa bado nafundisha nilikuwa na pikapu kuukuu, nikaijengea banda la nguzo za mkaratusi na mabati ubavuni mwa nyumba. Gari liliuzwa mwaka niliostaafu. Banda likabaki, likawa ghala la magunia ya mahindi, baiskeli mbovu na viti vya shughuli ambavyo kila mtu wa mtaa huviazima na hakuna anayevifuta matope kabla ya kuvirudisha. Kisha mwanangu wa tatu akarejea kutoka chuo cha ufundi stadi na cheti chake cha useremala, akakaa nyumbani miezi minane bila kazi. Siku moja baada ya Alasiri akatuaga kwamba anakwenda Dar es Salaam kutafuta riziki ya kutembeza bidhaa barabarani. Mama yake hakulia wala hakumzuia. Alinigeukia mimi akasema: "Baba watoto, kijana huyu kazi anayo mikononi. Anachokosa ni pa kuifanyia." Kisha akaingia ndani kuchambua mboga, akaniacha mimi na banda langu tukitazamana.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Sikuliita gereji, maana neno hilo kwetu lina mafuta machafu na injini zilizofunguliwa; tuliliita karakana tangu siku ya kwanza, kana kwamba jina lingeleta mashine. Tulipanua banda likawa na nafasi ya mita nne kwa saba ndani, tukajenga kuta za tofali za kuchoma, tukapaua upya kwa mabati yaliyotokeza nje vya kutosha, hata paa zima likawa mita tano kwa nane. Kwa kuwa nafasi ilikuwa haba, ukuta wa nyuma niliujenga ukiwa umeegemea moja kwa moja kwenye mlima uliokatwa. Mwashi mmoja mzee alinitahadharisha nisifanye hivyo. Nilimjibu kwamba mlima ule ulikuwa umesimama pale tangu enzi za babu zetu bila kunidai chochote. Kabla ya vuli kuanza tulikuwa tumeweka milango, tukasoma dua, jamaa wakanywa chai, na mimi nikatangaza kwamba kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ilikuwa imeezekwa tu.

Dalili ya kwanza ilikuwa kutu. Patasi alizozileta mwanangu kutoka chuoni, alizokuwa akizifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga, zilianza kuwa na madoa mekundu kabla vuli haijafika nusu. Ukuta wa nyuma ulitota hadi usawa wa kiuno, ukaota ukungu mweusi. Udongo wa mlima hufyonza mvua na kuisukuma mbele polepole, na kilichokuwa mbele yake ni tofali zangu. Mlima uliokatwa unahitaji ukuta wake wenyewe wa mawe, unaolala kidogo kuelekea nyuma, wenye kokoto mgongoni na matundu ya kutolea maji chini. Kisha inaachwa nafasi ya mtu kupita, yenye mfereji, ndipo ukuta wa jengo usimame peke yake. Yule mwashi mzee ndiye aliyekuja kuifanya kazi hiyo baadaye. Hakunikumbusha maneno yangu, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angenikumbusha. Tulibomoa ukuta wa nyuma, tukausogeza ndani, karakana ikapungua kutoka mita saba hadi sita.

Lakini kutu ilikuwa hasara yangu mwenyewe. Dalili ya pili sikuiona mimi, kwa kuwa haikuwa kwangu.

Chini ya nyumba yetu anaishi bibi mmoja mjane pamoja na mjukuu wake. Ana shamba dogo la maharage na jiko la udongo lililosimama mbali kidogo na nyumba, kama ilivyo desturi yetu. Tangu tujenge, kila asubuhi tuliamkiana kama kawaida, akauliza habari za kijana na kazi yake, akamwombea heri. Vuli ikapita. Masika ikaingia. Idd el Fitr ikaangukia katikati ya mvua, nami nikateremka kumpa mkono wa Idi. Nikamkuta ameinua mafiga yake juu ya matofali. Ukuta wa jiko ulikuwa na mstari wa tope, na mlango ulikuwa umeoza chini ukakatwa kipande. Nje, mawe yalikuwa yamepangwa kwa mkono, moja moja, kugeuza njia ya maji; na matuta mawili ya maharage yalikuwa yamefunikwa kwa changarawe nyekundu ambayo niliitambua mara moja, kwa sababu niliilipia mimi. Ilikuwa ni kifusi cha msingi wangu.

Nilisimama pale na kanzu yangu nyeupe ya Idi.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwalimu? Kijana amepata kazi. Watu wangesema nimemwonea choyo."

Msomaji mwenzangu, nimekwisha kugombana na watu wenye sauti kubwa, na nimejua namna ya kujitetea. Kwa neno lile sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimesali safu moja na mjukuu wake kila Ijumaa, huku paa langu likiteremka jikoni mwao.

Nilirudi nyumbani nikachukua karatasi, maana mwalimu hata akistaafu haachi kuhesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa langu ni mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 40, ambayo huku kwetu mtu huiona usiku mmoja wa masika bila hata kuamka, inateremsha lita 1,600, yaani ndoo 80 za lita ishirini. Katika mwaka wa mvua ya milimita 1,000, paa hilo moja la karakana linamwaga lita 40,000. Ningemwona mtu yeyote amesimama ukingoni mwa kiwanja changu akimwaga ndoo 80 juu ya maharage ya mjane, ningemkamata shati. Bati lilikuwa likifanya kazi hiyo usiku, nami nilisikia mlio wake nikasema alhamdulillah, tumepata mvua.

Watu wa Usambara si wageni wa tatizo la maji ya kuteremka. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa bonde la Mlalo na kwingineko milimani kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Wazee wetu waliichukia shuruti ile, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Katika miaka ya 1980 ukaja mradi wa SECAP, uliosaidiwa na Ujerumani, ukahimiza makingamaji yanayofuata usawa wa mlima, yaliyopandwa majani ya guatemala na miti. Wengi wetu tuliokuwa vijana wakati huo tunakumbuka kupima mistari ile. Hata hivyo makingamaji yale yalipimwa kwa ajili ya mvua inayoanguka juu ya udongo wenye majani, udongo ambao hunywa sehemu yake kwanza. Bati halinywi hata tone. Kila tunapoezeka banda jipya, tunaongeza juu ya mlima kipande cha ardhi kisichonywa, na hatuongezi mfereji.

Ustadh wa msikiti wetu nilipompelekea habari hii hakunipa hotuba. Alinikumbusha ile hadithi mashuhuri ya kukataza kudhuru na kudhuriana, ambayo mafaqihi wameijengea milango mizima, kisha akanieleza jambo nililokuwa silijui. Katika karne ya 14 huko Tunis kulikuwa na mwashi aliyeitwa Ibn al-Rami. Makadhi walikuwa wakimtuma kukagua kuta, madirisha na mifereji ya watu waliogombana, kisha akaandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, Al-I'laan bi Ahkaam al-Bunyaan. Fundi wa mwiko na timazi, si mwanachuoni wa mimbari, ndiye aliyetuachia kitabu hicho. Na katika Majalla, ule mkusanyo wa sheria uliotungwa katika dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, karakana yenyewe imetajwa: mtu akijenga kiwanda cha mhunzi au kinu ubavuni mwa nyumba ya mwenziwe, mtikisiko ukawa unadhoofisha jengo hilo, hayo ni madhara yanayopaswa kuondolewa. Nami nilidhani suala la karakana ya nyumbani ni la kizazi chetu.

Tulianza upya, safari hii tukianzia juu. Tuliweka gata pande zote mbili za paa, zikateremkia tangi la lita 2,000 lililosimama juu ya jukwaa la mawe. Tangi peke yake halitoshi, na hapa wengi hudanganyika: paa langu linalijaza kwa mvua mbili kubwa, na kwa mwaka linaweza kulijaza mara ishirini. Swali hasa ni kwamba tangi likijaa, maji ya ziada yanakwenda wapi. Yalihitaji mfereji wa mawe hadi korongoni, na njia pekee ilipita ukingoni mwa shamba la bibi. Haki ya kupitisha maji katika ardhi ya mwenzio ina jina na mlango wake katika fiqhi, wala haichukuliwi kwa kuonewa haya. Tuliandikiana mbele ya Ustadh na mwenyekiti wa kitongoji: upana wa mfereji, nani atausafisha kila kabla ya vuli na masika, na kwamba ukibomoka ni juu yangu. Bibi alikataa fidia ya maharage mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sharti kwamba mjukuu wake afundishwe kushika randa. Mwanangu alisema, "Huyo ningemfundisha hata bila sharti," lakini tuliliandika vilevile.

Mifereji, ukuta wa mawe na tangi vilinigharimu karibu sawa na paa lenyewe. Ningejua mwanzoni, ningejenga karakana ndogo zaidi. Na ndiyo nasaha yangu kwa yule mzazi mwenye vijana wawili: atoe gharama ya maji kwanza, kisha kinachobaki kimwambie karakana yake iwe na ukubwa gani.

Baada ya maji, mengine yalikuwa mepesi, ila nitaje machache. Sakafu tuliimwaga zege juu ya karatasi ya nailoni nzito, la sivyo unyevu ungepanda kutoka chini hata kama kuta zimepona. Meza ya kazi tuliiweka chini ya dirisha la kaskazini, kimo cha kifundo cha mkono wa kijana anaposimama wima, jiliwa likiwa upande wake wa kushoto. Umeme ulinitia hofu zaidi. Awali tulivuta waya kutoka sebuleni. Msumeno wa meza ulipowashwa taa za nyumba zilififia na waya ukapata moto. Fundi mwenye leseni alitutengea laini ya karakana peke yake kutoka kwenye mita, yenye kikata umeme chake na waya wa ardhini. Ipo pia hatari ambayo sikuwahi kusikia ikisemwa. Umeme unapokatika, na kwetu hukatika, msumeno husimama na swichi ikabaki imewashwa. Kijana hutoka kwenda kusali. Umeme hurudi, na jino la chuma huanza kuzunguka lenyewe katika chumba chenye mtoto aliyeingia kuokota maranda ya kuchezea. Kwetu sasa plagi huchomolewa kila unapokatika, hata kama ni kwa dakika moja, na mlango una komeo juu kuliko mkono wa mtoto wa miaka saba. Zipo swichi ambazo hujizima zenyewe umeme ukikatika. Mwenye uwezo anunue hiyo kabla hajanunua mashine ya pili.

Mlango uliotoka karakana kuingia jikoni tuliuziba kwa tofali, kwa amri ya mama wa nyumba, aliyechoka kupepeta vumbi juu ya uji. Alikuwa na haki kuliko alivyojua. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu tangu mwaka 1995. Kijana sasa huvaa barakoa anapopiga msasa, na hufagia baada ya kunyunyiza maji kidogo. Saa za kazi za mashine ni baada ya chai ya asubuhi hadi adhana ya Alasiri, kwa sababu watoto wa madrasa husoma jirani jioni.

Kuhusu mbao zenyewe, nitasema mawili. La kwanza ni unyevu. Mbao ikaushwayo katika ukungu wetu wa Juni na Julai haikauki sawasawa na ile ikaushwayo Korogwe. Kabati lililotengenezwa hapa kwa haraka likateremshwa bondeni kwenye joto, hupasuka mlango. Mafundi wa zamani walihesabu mwaka mmoja wa kuanika kwa kila inchi ya unene, mbao zikipangwa kivulini na vijiti katikati ili upepo upite. Paini na saiprasi huwahi zaidi, lakini bado hutaka subira. Ile mita moja tuliyoipoteza nyuma ya karakana imekuwa ndiyo sehemu yetu ya kuanikia, kwa kuwa upepo hupita hapo mchana kutwa.

La pili liligonga mlango usiku. Mtu alikuja na habari ya mbao za mkulo, zenye harufu ile ambayo kila Mshambaa huijua kutoka kwenye sanduku la bibi yake, kwa bei ya nusu ya paini. Mkulo ni mti wa misitu yetu ya asili. Wataalamu wameupa jina la milima hii, Ocotea usambarensis. Msitu wa Magamba leo ni hifadhi ya mazingira asilia, na mbao halali ina alama ya nyundo ya misitu na hati ya kusafirishia. Mtu yule hakuwa na kimoja. Mwanangu alinitazama, alikuwa na oda ya kitanda na hakuwa na mtaji. Nilinyamaza makusudi, karakana ni yake. Alimwambia yule mtu, "Kaka, nina jirani wa chini na nina jirani wa juu, na msitu uko juu yetu sote. Ukikatwa huo, maji yake yatapita hapa hapa." Kitanda kilitengenezwa kwa saiprasi ya Shume, na kilichelewa wiki tatu, na mteja alilalamika.

Vuli iliyofuata tulikesha, mimi na kijana, na tochi. Mvua ilipokaza tuliteremka kando ya mfereji kuyafuata maji. Yalipita ukingoni mwa shamba la bibi, yakageuka pale kwenye jiwe kubwa, yakaingia korongoni. Tulikuta taa ya jikoni mwake inawaka. Naye alikuwa amesimama nje na kanga kichwani, anaangalia.

Sasa kuna bomba la nusu inchi linaloteremka kutoka tangi letu hadi jikoni kwake, maana lipo juu yake na maji yanakwenda yenyewe bila pampu. Wiki hii ameleta kipimo cha mlango mpya wa jiko, ameuandika kwa mkaa juu ya kipande cha ule wa zamani uliooza, na ameuliza bei. Mwanangu amemtajia bei. Bibi amesema ni ndogo mno, hanunui kitu cha huruma, na mpaka ninapoandika haya bado hawajapatana. Mbao zimekwisha kukatwa. Mjukuu ndiye anayezipiga randa.